Mgomba Kwenye Baridi: Kwa Nini Unapona Theluji ya Uingereza na Kuchelewa Kuzaa Lushoto

Watu wa Tanga wenye ndugu Uingereza wameshaizoea picha hii: bustani ndogo nyuma ya nyumba ya matofali, mtu kavaa sweta, na nyuma yake mgomba mrefu wenye majani mapana, umestawi bila wasiwasi. Ujumbe wa sauti unafuata. “Kaka, unauona huo? Unakaa nje mwaka mzima. Theluji imeupiga na haukufa.” Jibu kutoka Ngamiani, Tanga, halikawii: “Unazaa, dada?” Kimya kidogo. “Hauzai. Ni pambo tu.”

Upande wa pili yupo mkulima wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambaye theluji anaiona kwenye televisheni tu. Alibeba machipukizi mazuri kutoka Muheza, akayapandisha mlimani kwa gari la abiria, akachimba mashimo, akaweka samadi. Mwaka wa pili unaelekea kuisha, migomba ipo hai, ina majani, mkungu hakuna. Akisikia kuna migomba inayovumilia theluji anauliza swali la haki kabisa: hiyo mbegu ya Uingereza siwezi kuletewa?

Akiletewa itaota. Itaota vizuri sana, na hatakula hata ndizi moja. Uvumilivu wa baridi anaousifu yule dada wa Uingereza na ule anaoutafuta huyu mkulima ni mambo mawili yasiyohusiana sana, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu wanunue miche isiyowafaa.

Tuanze na mgomba wenyewe, maana umbo lake ndilo linaloeleza mengine yote. Ile nguzo tunayoiita shina si shina. Ukiukata mgomba kwa panga na kuangalia pale ulipokatwa utaona duara ndani ya duara: ni makalio ya majani, yaani sehemu zake za chini, yaliyofungana kama kanga zilizoviringishwa moja juu ya nyingine, yamejaa maji na vyumba vya hewa, hayana mbao hata chembe. Shina la kweli ni lile tunguu lililo ardhini, lenye mizizi pembeni na macho yanayotoa machipukizi. Katikati ya tunguu, usawa wa ardhi au chini kidogo, ndipo kilipo kichomozo kinachozalisha majani. Kila jani jipya linazaliwa pale chini, linapanda ndani ya ile nguzo likiwa limeviringishwa, linatokea juu. Siku mmea ukifika umri wake, kichomozo kinaacha kutengeneza majani, kinatengeneza ua. Ua nalo linapanda njia ileile hadi kileleni, ndipo sisi tunasema mgomba umezaa.

Kwa hiyo unapouliza kama mgomba unastahimili baridi, ni lazima useme unazungumzia sehemu gani, kwa sababu kila moja ina kipimo chake. Kazi ya kukua inakwenda vizuri zaidi joto likiwa karibu nyuzi 27. Likishuka chini ya 16 mmea unasuasua, na karibu na 10 jani jipya linakoma kusogea. Tunda lina unyonge wake: chini ya nyuzi 13 hivi utomvu unaganda ndani ya ganda, na ndizi inapata rangi ya kijivu iliyofifia. Ndiyo sababu meli za ndizi hazipoozi mzigo chini ya nyuzi 13 au 14, na ndiyo sababu ndizi uliyoitia kwenye friji inatoka nyeusi. Majani yanakufa kwenye sifuri au chini yake kidogo, pale inapoanguka sakitu, ule umande ulioganda ukawa mweupe. Nguzo inavumilia nyuzi chache zaidi chini ya sifuri, kisha maji yaliyomo ndani yanaganda, kuta zinapasuka, na baadaye yote inalainika na kuoza. Tunguu ndilo la mwisho kufa, kwa sababu lipo udongoni, na udongo uliofunikwa vizuri unaweza kubaki bila kuganda hata hewa ya juu ikiwa imeganda vibaya.

Siri nzima ya mgomba wa theluji iko kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Mmea unaopandwa zaidi huko kwa kazi hiyo unaitwa Musa basjoo. Watu wengi wanauita mgomba wa Japani, kwa kuwa Wazungu waliukuta umepandwa huko, ingawa asili yake ni kusini mwa China. Tunguu lake, likitandaziwa vizuri, linapona baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na hata zaidi kidogo. Jambo ambalo picha za WhatsApp hazionyeshi ni sura ya mgomba huo mwezi Januari. Sakitu ya kwanza ikipiga, majani yote yanageuka kahawia na kuning'inia usiku mmoja. Mwenye bustani anayakata, anazungushia nguzo wavu wa kuku, anaujaza nyasi kavu za ngano hadi juu, kisha anafunika kileleni ili mvua isiingie. Kufunika huko si urembo: katika majira yale, maji yaliyotuama kwenye moyo wa mgomba na kwenye udongo mzito yanaozesha tunguu lililolala, hivyo bustani isiyopitisha maji inaua migomba ambayo baridi peke yake isingeiua. Asiyejali anaacha nguzo ife, anarundika majani makavu juu ya tunguu, anasubiri. Mwezi wa Mei machipukizi yanatoka upya, na kufikia Agosti bustani ina migomba tena, wageni wanapiga picha.

Sasa piga hesabu. Mgomba kwa kawaida unahitaji kutoa majani kati ya 30 na 40 kabla haujafikia kuchanua. Majira yenye joto la kutosha huko ni miezi mitano au sita. Nguzo ikifa kila mwaka, hesabu ya majani inaanza upya kila mwaka, na haitafika. Anayeilinda nguzo miaka miwili au mitatu mfululizo anaweza kuona ua, na baada ya ua vindizi vidogo vilivyojaa mbegu, visivyolika. Basjoo haikuchaguliwa na mtu yeyote kwa ajili ya kula. Inapandwa kwa ajili ya majani yake, na kwa kazi hiyo inastahili sifa zote inazopewa.

Waingereza waliotaka kula ndizi za kwao walipita njia nyingine: waliwasha moto. Joseph Paxton, mtunza bustani wa jumba la Chatsworth, alipata mche ulioletwa kutoka Mauritius, akaulea ndani ya nyumba ya vioo yenye joto, na Novemba 1835 ukachanua. Ukoo wa mwajiri wake uliitwa Cavendish, na jina hilo likabaki kwenye ndizi ambayo leo inauzwa kuliko zote duniani. Kwa hiyo ndizi iliyojaa madukani ina historia ya kulelewa nchi ya baridi, ila baridi yenyewe haikuwahi kuigusa.

Turudi kwetu. Ukitoka Mombo, kwenye barabara kuu, ukapanda hadi Lushoto, unasafiri kama kilomita 33 na kupanda kama mita 1,000. Kanuni ya jumla ni kwamba kila mita 100 za kupanda zinapunguza joto kwa nyuzi 0.6 hivi. Tanga mjini, usawa wa bahari, wastani wa mwaka ni karibu nyuzi 26. Lushoto iko karibu mita 1,400, hivyo toa nyuzi nane na kitu, unabaki na 17 au 18. Ndani ya gari unaiona tofauti bila kipimajoto: Mombo madirisha yote wazi, Soni mtu anavuta kitenge mabegani, Lushoto watu wanafunga vioo.

Hiyo nyuzi 18 haiui mgomba. Hata usiku wa kipupwe, Julai, joto likikaribia 10, mgomba hauna hatari ya kufa. Kinachotokea ni kuchelewa. Hesabu ya makadirio ni rahisi: chukua wastani wa joto, toa 10, kinachobaki ndicho mgomba unachotumia kukua. Pwani 26 toa 10 unabaki na 16. Lushoto 18 toa 10 unabaki na 8. Nusu. Miezi ya kipupwe, wastani ukiwa 15, unabaki na 5, chini ya theluthi moja ya ile ya pwani. Muheza jani jipya linatoka kila baada ya siku 7 hadi 10, na mgomba wa majani 36 unachanua ukiwa na umri wa miezi 10 au 11. Ukiupeleka Lushoto, kasi ikiwa nusu, unazungumzia karibu miaka miwili kabla ya kuona ua. Kisha kujaza mkungu nako, kazi ya miezi mitatu hivi pwani, kunavuta hadi miezi mitano au zaidi.

Yule mkulima wetu basi hajakosea lolote. Anasubiri muda ambao hakuna aliyemtajia. Na subira hiyo inamhusu zaidi mkungu wa kwanza. Mama akiwa anakua, mtoto pembeni yake naye anakua, na mjukuu anachungulia. Shina lote, mama na watoto wake, likishatulia, mikungu inafuatana kwa karibu zaidi kuliko umri wa mmea mmoja mmoja unavyoonyesha. Masharti ni kuacha watatu tu, mama, mtoto na mjukuu, na kung'oa wengine. Kichaka cha migomba tisa inayogombania mbolea kitakuonyesha majani hadi uchoke.

Lipo jambo moja linalowachanganya hata wenye uzoefu. Idadi ya chane na vidole haipangwi siku ua linapotokea. Inapangwa miezi kadhaa kabla, ua likiwa bado dogo ndani ya nguzo. Mkungu unaweza kuchomoza Oktoba au Novemba, jua limesharudi, ukatoka mdogo, chane chache, vidole vimepinda. Mwenye shamba analaumu mbolea ya mwezi uliopita, kumbe mkungu unabeba baridi ya Julai. Wakulima wa ndizi wa Afrika Kusini na Australia, ambako kipupwe ni kikali kuliko chetu, wanaijua vizuri mikungu mibaya ya Novemba. Na ikitokea baridi kali wakati ua lenyewe linapanda, nguzo inagoma kurefuka na mkungu unakwama kooni: nusu nje, nusu ndani, wakati mwingine unapasua ubavu wa nguzo. Migomba mifupi ya jamii ya Cavendish ndiyo inayokabwa zaidi, kwa sababu nafasi kati ya jani na jani ni ndogo tangu mwanzo. Anayetaka migomba mifupi mlimani kwa kuogopa upepo anapaswa kulijua hilo kabla hajalipia miche.

Wapo watakaosema, basi tuuchukue mgomba mwitu wa milima yetu wenyewe, huo umeshazoea. Wanamaanisha Ensete ventricosum, ule mnene wenye makalio mapana, unaoota wenyewe kwenye makorongo ya milima ya Afrika Mashariki. Ni mmea wa ajabu kidogo. Hautoi machipukizi kama mgomba wa kawaida, unachanua mara moja na kufa, na matunda yake yana mbegu nyeusi ngumu, kubwa kama punje za mahindi. Ethiopia, kwenye miinuko inayozidi mita 2,000, mamilioni ya watu wanaula, lakini si tunda: wanakwangua nguzo na kuponda tunguu, wanavundika shimoni hadi lichachuke, wanaoka mkate unaoitwa kocho. Aina yake yenye majani mekundu inapendwa sana bustanini Ulaya. Ajabu ni kwamba huko inaonekana dhaifu kuliko basjoo. Kila mwaka kabla ya sakitu lazima ing'olewe na kuingizwa ndani. Mmea wa milimani unashindwa na baridi? Ndiyo, kwa sababu milima ya kwetu ina ubaridi wa mwaka mzima usiofika kwenye kuganda. Mmea ukajifunza kukua kwenye nyuzi 15, haukujifunza kulala kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Basjoo yenyewe inajua kulala, na kuchipua upya joto likirudi.

Kwa hiyo Usambara inahitaji migomba inayokua kwenye ubaridi, na bahati nzuri hiyo tunayo. Kabla mahindi hayajashika, ndizi ndiyo iliyokuwa chakula kikuu cha Wasambaa, na wazee hawakula majani. Ukizunguka mashamba ya zamani na kuuliza mbegu ilitoka wapi, utajibiwa “tuliikuta”, na hiyo ndiyo sifa bora ya mche kwa eneo lako. Mshare, ambao Kilimanjaro unapandwa hadi karibu mita 1,700, unafaa. Migomba ya kupika ya nyanda za juu, jamii ya matoke, inafaa pia. Bokoboko ni mgumu kuliko wote kwa ukame na kwa ubaridi, ingawa kwa ladha wengine wanaudharau. Mimi siudharau, ukipikwa na nazi na samaki wa kukaanga ni chakula kamili. Kisukari unazaa, kwa kuchelewa. Mkono wa tembo ni mtu wa joto. Ukiupandisha juu utakuweka sana, na mkungu wake tangu asili una vidole vichache.

Ugumu wa bokoboko una maelezo. Ndizi zetu karibu zote zimetokana na mababu wawili wa porini kutoka Asia, Musa acuminata wa misitu yenye joto na mvua, na Musa balbisiana anayefika maeneo makavu na yenye baridi zaidi. Bokoboko una sehemu mbili za balbisiana kwa moja ya acuminata. Lakini usiigeuze kuwa sheria, maana mshare na matoke ni acuminata tupu na bado wanahimili mlima. Hapo kilichofanya kazi ni mkono wa mkulima, aliyechagua machipukizi kizazi baada ya kizazi.

Mahali pa kupanda panaleta tofauti kuliko watu wanavyodhani. Usiku hewa ya baridi ni nzito, inateremka mabondeni na kutuama huko. Bonde lenye udongo mweusi, linalotamanisha kwa maji yake, mara nyingi ndilo baridi kuliko mteremko ulio juu yake mita 30. Panda migomba katikati ya mteremko, bonde waachie kabichi. Ukuta wa nyumba unaopigwa na jua la mchana ni mzuri, kwa kuwa unarudisha joto jioni. Upepo wa kusi nao upangie: jani lililochanika vipandevipande halijafa, mgomba unaruhusu lichanike ili nguzo isianguke.

Wakati wa kupanda, mimi ningeanza vuli, Oktoba au Novemba, ili mizizi ipate miezi ya joto hadi Machi, kuliko kungoja masika na kuuingiza mche mchanga moja kwa moja kwenye kipupwe. Shimo la futi mbili kwa mbili kwa mbili, debe moja au mawili ya samadi iliyooza, nafasi ya mita tatu. Chagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka na kitako kinene. Lile lenye majani mapana likiwa bado fupi halikunyonya vya kutosha kwa mama yake. Majivu ya jikoni yasitupwe, mgomba unapenda sana potasiamu. Matandazo yanataka akili kidogo. Uingereza yanawekwa juu ya tunguu ili lisigande. Lushoto hakuna kuganda, na matandazo mazito yanazuia jua lisipashe udongo. Tandaza kati ya mistari kwa ajili ya unyevu, acha duara la futi moja na nusu wazi kuzunguka shina.

Mlima una faida yake pia, na haitajwi vya kutosha. Fukusi wa migomba, anayetoboa tunguu na kuangusha mgomba wenye mkungu, anapungua sana kadiri unavyopanda. Minyoo inayokula mizizi na sigatoka nyeusi inayokausha majani nazo hupenda joto, hazina nguvu ileile juu. Shamba la ndizi la pwani linazaa haraka na kuchoka mapema. La mlimani linaweza kudumu miongo likitunzwa. Ila faida hiyo inapotea ukibeba machipukizi ya tambarare pamoja na udongo wake. Menya tunguu kwa kisu mpaka libaki jeupe, tupa mizizi yote, ukiona tundu au njia nyeusi ndani usipande. Na mnyauko haujali baridi: kama shamba lina migomba inayokauka ghafla, usichukue mche hapo hata ukipewa bure.

Ukifika wakati wa kuvuna, usihesabu miezi kwa kalenda ya pwani. Angalia kona za ndizi: zikiwa zimechongoka, bado; zikiwa za mviringo, kata. Kuivisha nako kunataka uangalifu Julai. Mkungu uliokatwa jioni na kulazwa barazani juu ya saruji unapata baridi ya kutosha kuharibu ganda, na siku utakapoiva utakuwa wa kijivu, mnunuzi wa sokoni atakupa nusu ya bei hata kama ndani ni tamu. Uingize jikoni usiku uleule, uutundike mbali kidogo na moto, na ukiuvundika shimoni choma majani makavu ndani ya shimo kwanza, ulisafishe, ndipo uweke ndizi.